Mji Uliofungwa Utepe

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kule kwetu kitu hakitajwi hadharani mpaka mgeni rasmi akitaje kwanza, na mgeni rasmi bado yuko njiani.

Zamani nchi yetu ilikuwa na sehemu mbili tu za kuishi. Ya kwanza ni mjini. Mjini kuna kila kitu: hospitali, soko, stendi, benki, na jirani wa chumba cha pili ambaye akikoroma, wewe ndiye unayegeuka ubavu. Kodi unalipa ya miezi mingi mbele, halafu dalali naye anataka ya kwake kwa kazi ngumu ya kukunyooshea kidole. Ya pili ni porini. Porini hewa safi, ndege wanaimba, kodi hakuna, ila ukiumwa jino inabidi ulizoee.

Serikali yetu huumia sana wananchi wakiumia, hasa wakiumia karibu na uchaguzi. Basi ikaja na sehemu ya tatu. Wizara ya Makazi, Mandhari na Uzinduzi ilijenga mtaa mpya pembeni kabisa ya mji, pale msitu unapoanzia, ikauita Kijani Kibichi. Bango lake lilisema: MSITU NYUMA, MJI MBELE, MWANANCHI KATIKATI. Kodi ilikuwa ndogo mpaka watu wakaanza kuuliza kuna nini.

Hakukuwa na kitu. Ilikuwa ni wema tu.

Mimi niliomba, nikaitwa kwenye usaili. Afisa aliniuliza, "Wewe ni mtu wa subira?" Nikamjibu kwamba nimekaa chuo kikuu miaka sita kwenye kozi ya miaka mitatu na bado sijatoka na cheti. Akaniangalia kwa furaha kubwa, akasema, "Huyu ndiye tunayemtafuta."

Nyumba iliyo jirani na yangu walipewa mtu na mkewe: Hamdani, fundi redio, na Sikudhani, mshona mapazia. Hamdani ni mtu mpole. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Sikudhani si mpole. Na ni yeye aliyechagua Kijani Kibichi. Hamdani alitaka wabaki kijijini kwao, kwa sababu nyumba ilikuwa ya urithi na kuku walikuwa wanamjua. Sikudhani alimwambia hapana. Mimba yao ya kwanza iliishia barabarani, yeye akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli, hospitali ikiwa bado vilima viwili mbele.

"Mimi sichagui nyumba," alimwambia mumewe siku ile, na Hamdani mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Nachagua hospitali. Nyumba itakuja pembeni yake."

Wakati wanahamia, tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Hospitali ya Kijani Kibichi ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wao. Sikudhani alisimama pale mlangoni, akaitazama, akacheka peke yake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimuona anacheka.

*

Tulihamishwa mapema, kabla ya uzinduzi, kwa sababu nyumba isiyo na watu haipendezi kwenye picha. Bwana Rweyunga, Afisa Itifaki, alitupitia nyumba kwa nyumba akiwa na suti nyeusi na jasho. Alikagua kama tumo ndani. Alipojiridhisha kwamba tumo, akatoa mkanda wa kitambaa wenye rangi za taifa, akaufunga mlango hadi mlango. Utepe mmoja kila nyumba, usawa wa kitovu, umebanwa na pini kila upande.

Labda wewe msomaji unatoka nchi ambayo mambo haya hayapo. Ngoja nikueleze. Kwetu ni kosa mtu yeyote kupita kwenye mlango, njia, daraja au kitu chochote kilichofungwa utepe kabla mgeni rasmi hajaukata. Sheria ni nzuri sana. Bila hiyo watu wangeanza kutumia vitu kwa sababu tu vimekamilika.

"Tutakaa ndani mpaka lini, mheshimiwa?" Hamdani aliuliza kutoka upande wake wa utepe.

"Mpaka uzinduzi."

"Na uzinduzi ni lini?"

"Uzinduzi," Bwana Rweyunga akajibu, "ni siku ambayo utepe unakatwa."

Hamdani akashukuru.

Mlango wa nyuma haukuwepo. Nyuma kulikuwa na dirisha kubwa lenye nondo, ambalo kwenye ramani liliitwa Dirisha la Mandhari. Ukiegemeza paji la uso kwenye nondo unaona msitu wote: mivule, mizambarau, nyani wakikaa tawini wanakutazama kama watu waliolipa kiingilio. Choo nacho kilikuwa na kautepe kake kadogo, ila tuliruhusiwa kukitumia kwa majaribio.

Mbele kulikuwa na mji. Soko: utepe. Stendi: utepe. Shule: utepe, na mwalimu ndani. Kituo cha polisi: utepe, na askari watatu ndani wanacheza bao. Hospitali: utepe, na manesi ndani, kwa sababu na wao walihamishwa mapema ili wapendeze kwenye picha.

Nje alibaki mtu mmoja tu, mgambo Lukelo, na mbuzi wake. Lukelo ndiye alikuwa anatuletea vyakula kutoka mji wa zamani, anavipitisha juu ya utepe kwa heshima, mkono wa kulia. Mbuzi yeye alipita chini ya utepe anavyotaka. Aliingia kwangu, akatazama mandhari kidogo, akatoka. Hakuna aliyemlaumu. Mbuzi hakusoma sheria.

Utepe wenyewe ulikuwa mwembamba, vidole viwili. Nasema tu kama taarifa.

*

Kliniki ya Sikudhani ilifanyika kwa kupiga kelele. Nesi mkuu, Sista Eunike, alisimama mlangoni mwa hospitali, nyuma ya utepe wake, na Sikudhani akasimama mlangoni mwake, nyuma ya utepe wake, na barabara mpya ya lami ikiwa katikati, tupu, inang'aa.

"Mama Kijacho! Umeamkaje?"

"Salama, Sista! Miguu imevimba!"

"Imevimba kama nini?"

"Kama ya jirani yangu!"

Hapo mtaa mzima ukageuka kutazama miguu yangu.

"Chumvi upunguze! Mtoto anacheza?"

"Anacheza!"

"Mkojo una rangi gani?"

"Wa kawaida, Sista!"

Mtaa mzima ukashusha pumzi. Yule mwalimu wa shule, kutoka nyuma ya utepe wake, akapiga makofi. Nchi nyingine mgonjwa na nesi wanajifungia chumbani wawili tu, eti siri. Sisi afya ilikuwa ya wote.

Uzinduzi ulipangwa, ukaahirishwa. Kwanza mgeni rasmi alikuwa Waziri, lakini akabadilishwa wizara siku jiwe la msingi limeshachongwa jina lake, ikabidi lichongwe upya. Waziri mpya akapangwa, akasafiri kwenda kujifunza jinsi nchi nyingine wanavyokaa karibu na msitu. Akarudi. Mikasi ikawa haipo. Mikasi ya dhahabu ilikuwa imeazimwa kuzindua kisima, na kule kwenye kisima ikatumbukia. Nasikia kisima kile sasa kinalindwa.

Kila tarehe ikipita, Sikudhani alikuwa anakuja mlangoni mwake, kwenye ukuta unaotenganisha nyumba zetu, anaukwangua kwa ukucha.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Wewe ni msomi. Hivi huu utepe ukipita chini yake unakuwaje?"

"Unakuwa umevunja sheria, shemeji."

"Halafu?"

"Halafu unakamatwa."

"Unapelekwa wapi?"

Nilitazama kituo cha polisi. Askari mmoja alikuwa amekula kete nyingi, wenzake wanalalamika. Nilimjibu kama tulivyofundishwa chuoni: "Hilo ni suala pana."

"Mtoto huyu hatasubiri suala pana," akasema. "Naona hospitali, shemeji. Nasoma mpaka maandishi ya pale mlangoni, MAMA NA MTOTO. Kule kijijini nilikuwa siioni, nikajua iko mbali, basi. Hii naiona, na bado siifikii. Bora nisingeiona."

Hamdani alikuwa nyuma yake ameshika redio ya mtu iliyofumuliwa nyaya. "Tuvumilie, mke wangu. Wamesema mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani, Hamdani?"

Hamdani akarudi kwenye redio.

*

Siku yenyewe ikafika. Tuliamka tukakuta maturubai barabarani, viti vya plastiki vimevalishwa nguo nyeupe na mafundo ya kijani kiunoni, spika ndefu kuliko mlango, kwaya mbili, bendi, na kikundi cha ngoma kilichotoka mbali na kimeshaanza kudai maji. Sisi wakazi tuliambiwa tusimame milangoni, nyuma ya tepe zetu, tukitabasamu. Bwana Rweyunga alipita akitutengeneza. Kidevu changu alikiinua kidogo.

Alipofika kwa Sikudhani akamtazama tumbo, akapendezwa. "Safi sana. Hili tumbo litatoka vizuri kwenye picha. Uzazi, ustawi. Weka mkono juu yake, mama. Hapo hapo."

"Mkono umekuwa hapo tangu alfajiri," Sikudhani akamjibu. "Uchungu umeanza."

"Uanze taratibu," alisema Bwana Rweyunga. "Ratiba imebana."

Mheshimiwa mgeni rasmi akafika wakati jua liko utosini. Kukaombwa dua, kwa sheikh, kwa mchungaji, na kwa mzee mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Ukafuata utambulisho. Kwetu utambulisho ni jambo la haki: kila aliyekaa mbele anatambulishwa, anasimama, anapunga, anakaa, halafu yeye naye anawatambulisha alioongozana nao. Sikudhani alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Ng'ambo, Sista Eunike hakuwa anatazama jukwaa hata kidogo.

"Mama Kijacho!" akaita. "Uchungu unakuja kila baada ya muda gani?"

"Sasa hivi unakuja na kuondoka, Sista!" Sikudhani akapiga kelele. "Nadhani hautaki tena kuondoka!"

"Naomba utulivu kule kwa wakazi," mshereheshaji akasema kwenye spika. "Tuheshimu meza kuu."

Ikafika zamu ya risala ya wakazi. Aliyechaguliwa kuisoma ni Hamdani, kwa sababu ya upole wake. Walimpa kipaza sauti juu ya utepe. Karatasi aliishika kwa mkono mwingine.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, "sisi wakazi wa Kijani Kibichi tunayo furaha isiyo na kifani." Makofi. "Tunaishi karibu na asili." Makofi. "Tunaishi karibu na huduma zote." Makofi, vigelegele. Halafu akamtazama mkewe, ambaye sasa alikuwa amepiga goti moja chini, na karatasi ikamponyoka. "Mheshimiwa, mke wangu anajifungua."

Makofi makubwa kuliko yote.

"Hapana, Mheshimiwa. Anajifungua sasa hivi. Hospitali ni ile pale. Naomba uukate huu utepe tu, mmoja, halafu shughuli iendelee."

Bwana Rweyunga alimkimbilia, akamnong'oneza, ila kipaza sauti kilikuwa wazi na wote tukasikia: "Bwana Hamdani, unatuharibia! Hiyo ni changamoto. Changamoto zinakuja mwisho, baada ya mafanikio!"

Lazima niseme ukweli, Mheshimiwa alikuwa mtu wa watu. Hakukasirika. Alisimama, akachukua kipaza sauti, akatoa miwani, akairudisha.

"Ndugu wananchi! Nimesikia changamoto ya uchungu. Na nataka niwahakikishie, serikali yenu ni sikivu. Huyu mama hajifungui peke yake! Sisi sote, kwa namna moja au nyingine, tunajifungua! Taifa zima liko leba!" Kwaya ikashindwa kujizuia, ikaimba ubeti. "Sasa yapo maneno ya chini chini kwamba utepe ni kikwazo. Nani kasema? Utepe ni heshima. Nchi isiyo na utepe ni nchi iliyo wazi, na nchi iliyo wazi inaingiliwa! Naagiza hapa mbele yenu iundwe kamati ndogo ya kushughulikia uchungu, na iniletee taarifa kabla sijaondoka kwenye chakula!"

Kamati iliundwa pale pale. Walianza kwa kujitambulisha.

Hapo ndipo Sikudhani aliposimama.

Hakuinama, maana kwa tumbo lile angeinama vipi? Alitembea tu. Tumbo likatangulia, likaugusa utepe, utepe ukajikaza kidogo kama unataka kubishana, halafu pini ikaruka, tii, ikagonga spika. Akatoka na utepe umemning'inia tumboni, ncha mbili zinapepea pembeni, kama mshindi wa mbio ndefu aliyekata mstari wa mwisho.

Kule kituoni askari wakasimamisha bao. Mikasi mipya ya dhahabu ilikuwa kwenye sahani mikononi mwa binti aliyevaa sare, na binti akaifunika kwa kiganja, utafikiri mtoto anayefichwa asione ugomvi.

Alikatisha barabara katikati ya meza kuu na kwaya. Njiani alisimama mara moja, akashika bega la mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, akauma meno, akapumua, akaendelea. Bega lile lilikuwa la Mheshimiwa.

Sista Eunike alikuwa mlangoni mwa hospitali. "Mama, hatujazinduliwa!"

"Basi zindukeni!" Sikudhani akamwambia, akaupita na ule wa pili.

Hamdani alibaki mlangoni. Utepe haukuwepo tena, umeondoka na mkewe. Alitazama chini, akatazama Bwana Rweyunga, akatazama hospitali. Halafu akainua mguu juu kabisa, akauruka utepe ambao haupo, na akakimbia.

Mheshimiwa alikuwa kwenye sehemu ya maono ya miaka hamsini ijayo tuliposikia mtoto analia. Sauti ya juu, kali, isiyo na itifaki yoyote. Bendi ikadhani ndiyo ishara yao, ikapiga wimbo wa taifa, na sote tukasimama wima, ingawa sisi wakazi tulikuwa tumesimama tayari.

*

Kamati ilikaa, ikala, ikatoa taarifa. Uzinduzi ulitangazwa kuwa batili, kwa sababu umefanywa na mtu asiye na kibali akitumia kifaa kisichotambulika. Shughuli ikaahirishwa mpaka tarehe itakayotangazwa. Maturubai yakafunguliwa, viti vikavuliwa nguo.

Sikudhani, Hamdani na mtoto wa kike, ambaye walimpa jina la bibi yake, walirudi nyumbani jioni ile. Utepe mpya ulikuwa umeshafungwa mlangoni. Sikudhani aliuinua kwa kidole kimoja, kama anavyoinua pazia alilolishona mwenyewe, akaingia. Hamdani akapita nyuma yake, macho ameyafumba.

Lukelo aliletwa kumkamata Sikudhani. Alisimama nje ya utepe.

"Shemeji, ni kosa."

"Nikamate basi, afande. Ingia."

Lukelo akatazama utepe. Akashindwa kuingia, maana nyumba haijazinduliwa. Baadaye akamkuta nje, akamshika mkono vizuri kabisa, akampeleka mpaka kituoni, na pale mlangoni mwa kituo wakasimama wote wawili, kwa kuwa kituo nacho hakijazinduliwa. Askari wa ndani walimshauri aandike maelezo. Lukelo akasema hajui aanzie wapi. Mwisho akamsindikiza nyumbani na kumbebea mtoto.

Tangu hapo Sikudhani anaingia, anatoka. Anapita sokoni palipo tupu, anakwenda hospitali kupima mtoto, anakwenda mji wa zamani kupeleka mapazia. Hamdani siku hizi anatoka na macho wazi. Sisi wengine tunawatazama kutoka milangoni. Hatuna kinyongo nao. Kila mtu na malezi yake.

Juzi walikwenda msituni. Nyuma ya nyumba zetu, nikiwa nimeegemea nondo, niliwaona wote watatu chini ya mzambarau, Hamdani anatikisa tawi, Sikudhani ametandika kanga, mtoto kalala juu yake anawaangalia nyani kutoka upande wa nyani. Waliporudi, Sikudhani alisimama mlangoni kwangu na kanga iliyojaa zambarau. Akanipitishia juu ya utepe, mkono wa kulia.

"Kula, shemeji. Kule ndani kuna baridi nzuri. Na kuna kijito, hatukujua. Kumbe hapa ni pazuri kweli."

"Nilijua," nikamwambia. "Ndiyo maana nilipachagua."

"Toka ukaone."

"Nitatoka, shemeji. Uzinduzi wamesema mwisho wa mwezi."

Alinitazama. Nilidhani atanicheka, nikajiandaa kucheka naye, maana mimi napenda utani. Hakucheka. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Haya, baba," kama anavyoambiwa mgonjwa, akaenda zake.

Basi nikabaki nakula zambarau pale mlangoni, utepe umenigusa kitovu. Ukapita upepo kutoka msituni. Utepe ukatikisika, pini ya upande mmoja ikatoka, ikaanguka sakafuni, upande wangu. Utepe ukalala chini. Mbele yangu kukawa hakuna kitu. Barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho. Lukelo alikuwa kalala kivulini. Mbuzi alisimama katikati ya lami, ananitazama.

Nikafuta mikono. Nikainama, nikaiokota ile pini, nikauinua utepe, nikaubana tena mahali pake, vizuri, usawa wa kitovu.

Mgeni rasmi angekuja akakuta mlango wazi, si ingekuwa aibu?